NAFTALI TEMU, SHUJAA WA HEWA NYEPESI

Ukisimama pale Dagoretti Corner, karibu na makao ya Idara ya Hali ya Hewa, uko kama mita 1,800 juu ya usawa wa bahari. Sisi tuliozoea hatuhisi lolote. Mgeni kutoka Mombasa, lakini, akikimbilia matatu atahema mpaka umhurumie! Jambo hili ndilo lililozua ubishi mkubwa juu ya ushindi wa Naftali Temu.

Temu, wa jamii ya Abagusii, alizaliwa tarehe 20 Aprili 1945 katika nyanda za juu za kusini magharibi mwa Kenya. Baadaye alijiunga na jeshi, na huko mbio zake zikaonekana.

Mwaka wa 1968 Michezo ya Olimpiki ilifanyika Mexico City, mji ulio mita 2,240 juu ya bahari. Hewa ya huko ina oksijeni kwa kiwango kile kile cha asilimia 21, ila msukumo wake ni mdogo. Kwa hiyo kila pumzi huingiza oksijeni kidogo. Moyo hupiga mbio, mapafu huhangaika, na miguu huwa mizito. Mtu akikaa huko majuma kadhaa, figo zake huuamsha mwili utengeneze chembechembe nyekundu zaidi za damu, zile zinazobeba oksijeni. Mzaliwa wa milimani huwa amezoea tangu utotoni.

Basi tarehe 13 Oktoba wanaume wakaingia uwanjani kwa mbio za mita 10,000. Ron Clarke wa Australia, aliyeshikilia rekodi ya dunia, alijikaza kisabuni mpaka mwisho, akamaliza wa sita na kuanguka. Madaktari walimwekea oksijeni hapo hapo. Huko mbele, Temu na Mamo Wolde wa Ethiopia walikuwa wakifukuzana. Wolde alitangulia, lakini karibu na utepe Temu akamchomoka! Alitumia dakika 29 na sekunde 27.4, akaipa Kenya dhahabu yake ya kwanza kabisa ya Olimpiki. Siku chache baadaye akaongeza shaba katika mita 5,000.

Kuna waliosema kwamba mlima ndio ulioshinda, si Temu. Je, ni kweli? Kwanza, hata Temu hakusazwa: muda wake ulipita rekodi ya Clarke kwa karibu dakika mbili. Pili, Kipchoge Keino, mzaliwa wa nyanda za juu pia, aliumwa tumbo akashindwa kumaliza mbio hizo hizo. Tatu, mshindi wa mita 5,000 alikuwa Mohammed Gammoudi wa Tunisia, wala si Mkenya. Na kubwa zaidi, mwaka wa 1966 Temu alikuwa amemshinda Clarke huyo huyo katika maili 6 kule Kingston, Jamaika, mji wa ufuoni mwa bahari. Huko mlima ulikuwa wapi?

Temu aliaga dunia tarehe 10 Machi 2003 hapa Nairobi, baada ya kuugua saratani. Leo vijana wengi hawalijui jina lake, ilhali Keino anajulikana na kila mtoto.

Ewe mwanafunzi mwenzangu, hewa hii ya Dagoretti tunaivuta sote bila malipo. Mbona basi sote hatuna medali? Mlima humpa mtu damu nzuri. Kuamka alfajiri na kukimbia ni juu yake mwenyewe.