Makimbilio Bila Haki Hayatoshi

Ukitoka Tukuyu kuelekea Busokelo, katikati ya migomba na chai, utafika Manow, moja ya vituo vya mwanzo vya Walutheri wa Konde. Msafara wa wamisionari wa Berlin walioleta kazi hiyo mwaka 1891 uliongozwa na Alexander Merensky. Leo nakuomba tuyatazame maisha yake, kwa sababu yanagusa habari tunazozisikia kila wiki: mtu kachomwa moto kwa kushukiwa wizi, bibi kizee kakatwa mapanga kwa kuitwa mchawi, mjane kafukuzwa shambani.

Merensky alizaliwa mwaka 1837 huko Silesia, Ujerumani ya wakati ule. Mwaka 1859 alifika Afrika Kusini, kisha akafanya kazi kati ya Wapedi. Mwanzoni alipokelewa vizuri na mfalme Sekwati. Baada ya Sekwati kufa mwaka 1861, mwanawe Sekhukhune alishika kiti, na ilipofika mwaka 1864 aliwageukia Wakristo. Walipigwa na kunyang'anywa mali, na Merensky akakimbia usiku pamoja na mkewe na mtoto mchanga.

Mwaka 1865 alianzisha kituo karibu na Middelburg, wakakiita Botshabelo, maana yake mahali pa kukimbilia. Waliofukuzwa wakaja, wakapata mahali pa kulala, shule na kanisa. Hata ndugu wa mfalme mwenyewe, Johannes Dinkwanyane, alikuwa miongoni mwao.

Ingependeza kama hadithi ingeishia hapo, lakini haikuishia hapo. Ardhi ya Botshabelo haikuwa ya wakimbizi, na waliokaa humo walikuwa chini ya amri ya mmisionari. Mtu aliyekimbia fimbo ya mfalme alijikuta bado hana shamba lake wala kauli katika mambo yake. Mwaka 1873 Dinkwanyane aliondoka na mamia ya watu, akajenga kijiji chake, Mafolofolo. Hakuiacha imani yake. Alichotaka ni kumwabudu Mungu juu ya ardhi asiyopewa kwa hisani ya mtu. Mwaka 1876, vita vilipozuka kati ya Makaburu na Wapedi, kijiji hicho kilishambuliwa na Dinkwanyane akauawa.

Merensky alirudi Ujerumani mwaka 1882. Miaka minne baadaye alipata tuzo kwa insha iliyojibu swali la namna bora ya kumfundisha Mwafrika kufanya kazi katika mashamba makubwa ya wakoloni. Mtu yule yule aliyewafungulia mlango walioonewa! Kisha mwaka 1891, akiwa na umri wa zaidi ya miaka hamsini, alikuja kwetu kwa njia ya Zambezi, Shire na Ziwa Nyasa. Wamoraviani walikuwa wameshatangulia Rungwe. Wao wakashika magharibi, Waberlin mashariki. Wakati huo wafanyabiashara ya watumwa walikuwa bado wanatisha upande wa kaskazini wa ziwa. Mwaka uliofuata alirudi kwao, na akafa Berlin mwaka 1918.

Ndugu yangu, sikusimulii haya ili tumtukane marehemu. Mbegu ile imezaa, na mimi na wewe tunakula matunda yake. Ila fungua kitabu cha Yoshua sura ya 20, usome habari za miji ya makimbilio. Aliyeua bila kukusudia alisimama langoni, wazee wakamsikiliza, wakampa mahali. Mwenye kulipiza kisasi hakuruhusiwa kumchukua kabla ya hukumu. Lakini haikuishia kwenye kumficha. Alisimama mbele ya kusanyiko ahukumiwe, na mwisho wake alitakiwa arudi nyumbani kwake.

Makimbilio ya Mungu yana mambo matatu: hifadhi, kusikilizwa, na kurudishwa kwako. Botshabelo ilitoa la kwanza, ikapungukiwa na mengine. Je, kanisa letu? Mjane akija analia, tunampa sadaka ya mchele na kumwombea. Vizuri. Lakini siku shauri la shamba lake linaposikilizwa kwenye baraza la kata, ni mzee gani wa kanisa anakwenda kusema anachokijua? Kijana akikamatwa na kelele za mwizi zikipigwa, ni Mkristo gani anasimama mbele ya mawe na kusema apelekwe polisi, asikilizwe?

Mara nyingi tunanyamaza kwa sababu aliyechukua shamba ni shemeji yetu, au aliyeinua jiwe la kwanza anaimba nasi kwaya. Hapo ndipo imani yetu inapopimwa.

Ukitoka ibadani leo, mtafute mtu mmoja uliyewahi kumwombea kwa sababu ya dhuluma. Muulize shauri lake limefika wapi, kisha umsindikize.

Nakutakia Jumapili njema.