Bismarck: Jina la mji mdogo wa Ujerumani lililofika hadi Maziwa Makuu

Msafiri anayetoka Bujumbura kwenda Uvira hupita Gatumba, karibu na mahali Mto Rusizi unapoingia Ziwa Tanganyika, kisha huvuka mpaka hadi Kavimvira, upande wa Kongo. Mpaka huo hauwezi kusimuliwa bila kumtaja mtu ambaye hakuwahi kukanyaga ardhi ya Afrika: Otto von Bismarck, kansela wa kwanza wa Dola ya Ujerumani.

Jina lake ni jina la mahali. Katika eneo la Altmark, kaskazini mwa Ujerumani, upo mji mdogo uitwao Bismark, unaoandikwa bila herufi "c", na neno "von" maana yake ni "kutoka". Desturi hii si ngeni kwa Waswahili, ambao miongoni mwao wapo akina Shirazi na akina al-Hadhrami. Mtu wa ukoo huo anatajwa katika maandishi ya mji wa Stendal tangu mwaka 1270.

Otto alizaliwa tarehe 1 Aprili 1815 huko Schönhausen, katika familia ya wamiliki wa mashamba. Alisomea sheria Göttingen na Berlin, akaingia bungeni mwaka 1847, kisha akawa balozi wa Prussia katika miji ya Saint Petersburg na Paris. Mnamo Septemba 1862 mfalme wa Prussia alimkabidhi uongozi wa serikali. Vita vitatu vikafuata: dhidi ya Denmark mwaka 1864, Austria mwaka 1866, na Ufaransa mwaka 1870 hadi 1871. Tarehe 18 Januari 1871, katika kasri la Versailles, Dola ya Ujerumani ilitangazwa na Bismarck akawa kansela wake.

Ndani ya nchi alipambana na Kanisa Katoliki na baadaye na wasoshalisti, lakini pia alipitisha sheria za bima ya ugonjwa mwaka 1883, bima ya ajali kazini mwaka 1884, na pensheni ya uzee mwaka 1889. Mfanyakazi wa leo anayekatwa mshahara kwa ajili ya uzeeni yumo katika utaratibu unaofanana na ule.

Kwa miaka mingi Bismarck hakutaka makoloni. Aliyaona kuwa gharama isiyo na faida, na macho yake yalikuwa Ulaya. Mwaka 1884 alibadili msimamo. Mkutano wa Berlin ulifunguliwa tarehe 15 Novemba mwaka huo katika makazi yake rasmi, ukihudhuriwa na mataifa 14. Hakuna Mwafrika hata mmoja aliyekaa mezani. Inafaa kusahihisha hapa dhana iliyoenea: mkutano huo haukuchora mipaka ya Burundi. Ulijadili biashara na usafiri katika mito ya Kongo na Niger, na ukaweka masharti ya namna nchi za Ulaya zingetangaza umiliki wa pwani za Afrika. Kalamu ya mipaka ilikuja baadaye.

Wakati wajumbe wakiwa Berlin, kijana Carl Peters alikuwa Usagara, Uzigua, Nguru na Ukami akiwatia saini machifu katika mikataba iliyoandikwa kwa lugha wasiyoijua. Mkutano ulifungwa tarehe 26 Februari 1885. Siku iliyofuata kampuni ya Peters ikapewa hati ya ulinzi ya Kaizari. Sultani Barghash wa Zanzibar alipopinga, Bismarck alipeleka manowari mbele ya kasri lake mwezi Agosti. Watu wa pwani walipoinuka mwaka 1888 chini ya Abushiri bin Salim, alimtuma Hermann von Wissmann na askari. Abushiri alinyongwa Pangani mnamo Desemba 1889. Hivyo yule asiyetaka makoloni akawa ndiye aliyeyalinda kwa mizinga.

Machi 1890 Kaizari kijana, Wilhelm II, alimwondoa madarakani. Mkataba wa tarehe 1 Julai 1890 kati ya Uingereza na Ujerumani, ambao pamoja na mambo mengine uliigawa Afrika Mashariki, ulitiwa saini na mrithi wake, Leo von Caprivi. Ruanda na Urundi zikahesabiwa upande wa Wajerumani, miaka miwili kabla ya Oscar Baumann, Mzungu wa kwanza kulivuka bara la Burundi, kufika huko. Mwami Mwezi Gisabo hakuulizwa. Wajerumani walijenga kituo chao Usumbura mwaka 1897, na mkataba wa Kiganda wa mwaka 1903 ulikuja baada ya mapigano.

Bismarck alifariki tarehe 30 Julai 1898 huko Friedrichsruh, karibu na Hamburg. Ugomvi wa mpaka wa Kivu na bonde la Rusizi kati ya Wajerumani na Wabelgiji ulimalizwa Brussels mwaka 1910, naye akiwa kaburini miaka 12. Mwaka 1916 Wabelgiji waliwafukuza Wajerumani kutoka Burundi, mpaka ukabaki.

Jina nalo lilisafiri kuliko mwenyewe. Mwaka 1873 kampuni ya reli ya Marekani iliubatiza mji mmoja wa Dakota jina la Bismarck ili kuvutia fedha za Wajerumani. Leo ni makao makuu ya jimbo la Dakota Kaskazini. Papua New Guinea ina visiwa na bahari yenye jina hilo, na manowari Bismarck ilizama Atlantiki tarehe 27 Mei 1941. Kwenye mlima Kilimanjaro, kibanda cha wapandaji kilichoitwa Bismarck sasa kinaitwa Mandara, kwa jina la mtawala wa Moshi. Huko Mwanza, hata hivyo, mwamba unaochomoza ndani ya Ziwa Viktoria bado unaitwa Bismarck, na wapita njia husimama ufukweni kupiga nao picha.