Edwin Albert Link
Edwin Albert Link (Huntington, Indiana, 26 Julai 1904 – 7 Septemba 1981) alikuwa mvumbuzi na rubani kutoka nchini Marekani. Anajulikana hasa kwa kubuni kifaa cha kufundishia urubani bila kuruka.

Baba yake alikuwa na kiwanda cha vinanda mjini Binghamton, New York. Mwaka 1929 Link alitumia mivukuto ya vinanda kuyumbisha chumba kidogo cha rubani. Mwanzoni kilinunuliwa zaidi na viwanja vya burudani. Mwaka 1934 marubani kadhaa wa jeshi walikufa wakisafirisha barua katika hali mbaya ya hewa, ndipo jeshi likanunua vifaa 6.

Wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia alitengeneza kingine chenye kuba la nyota, ili wanafunzi wajifunze kutafuta njia usiku.

Baadaye alibuni nyambizi. Mwaka 1973 mwanawe Clayton alifariki ndani ya mojawapo.