Jomo Kenyatta: Mwanafunzi wa ugenini aliyeandika habari za kwao

AGOSTI 21, 1978, Rais wa kwanza wa Kenya, Hayati Mzee Jomo Kenyatta, alikuwa Msambweni, wilayani Kwale, ambako wenyeji walimtumbuiza kwa ngoma na nyimbo. Alfajiri ya siku iliyofuata aliaga dunia katika Ikulu ya Mombasa. Wiki moja kabla ya hapo, Agosti 14, alikuwa amekutana na jamaa zake huko huko Pwani, akiwemo mwanawe Peter Magana, aliyezaliwa Uingereza mwaka 1944 na kulelewa na mama Mwingereza.

Kuwepo kwa Magana kwenye mkutano ule kulikumbusha sehemu ya maisha ya Mzee ambayo husimuliwa kwa ufupi mno, yaani miaka zaidi ya kumi na sita aliyoishi Ulaya akiwa mjumbe, kibarua na mwanafunzi. Wakenya wengi wanamjua mfungwa wa Kapenguria na Rais mwenye usinga mkononi. Wachache wanamjua mwanafunzi wa makamo, mwenye madeni ya kodi ya nyumba, aliyeketi darasani London kusomea mila za watu wake mwenyewe.

Siku hizi ni jambo la kawaida kwa vyuo vikuu vya ng'ambo kuwaleta vijana wao Kenya kwa muhula mmoja ili waishi na familia za wenyeji, wale wanachokula na wajifunze lugha yao. Chuo Kikuu cha St. Lawrence cha jimbo la New York, Marekani, kilianzisha mpango wa aina hiyo mwaka 1974, Kenyatta akiwa angali Ikulu. Zama za ujana wake msafara ulielekea upande wa pili, na haukuwa wa muhula mmoja.

Kenyatta alizaliwa Gatundu, katika nchi ya Wakikuyu, miaka ya 1890. Alifiwa na wazazi akiwa mdogo, na mwaka 1909 akaingia katika shule ya misheni ya Kanisa la Scotland huko Thogoto. Alibatizwa mwaka 1914 kwa jina la Johnstone. Baadaye aliajiriwa na Manispaa ya Nairobi katika idara ya maji, kazi yake ikiwa kusoma mita. Mwaka 1928 akawa katibu wa chama cha Kikuyu Central Association, KCA, na mhariri wa gazeti lake la Muigwithania.

Kilio kikuu cha chama hicho kilikuwa ardhi. Serikali ya kikoloni ilikuwa imewagawia walowezi mashamba ya Wakikuyu, na wenye mashamba hayo wakageuzwa maskwota juu ya udongo wa babu zao. Chama kiliamua kupeleka malalamiko moja kwa moja London, na mjumbe aliyeteuliwa alikuwa Kenyatta.

Februari 1929 aliondoka bandari ya Mombasa kwa meli. Kwa mtu wa bara aliyetaka kuvuka bahari wakati huo, njia ilikuwa reli, iliyoshuka kupitia Voi, Mackinnon Road na Taru hadi Samburu. Samburu hiyo si ile ya kaskazini mwa Kenya, bali ni kituo kilichomo katika nchi ya Waduruma, Kwale. Nyuma yake alimwacha mkewe Grace Wahu na watoto wawili, Peter Muigai na Margaret Wambui, aliyekuwa angali mchanga.

Safari hiyo ya kwanza ilidumu hadi Septemba 1930 na haikurudisha hata ekari moja. Mei 1931 akatumwa tena, akifuatana na Parmenas Mockerie, kutoa ushahidi mbele ya kamati ya Bunge la Uingereza iliyochunguza suala la kuunganisha makoloni ya Afrika Mashariki. Safari hii ya pili haikuwa na haraka ya mwisho. Alirejea nyumbani baada ya miaka 15.

Kwanza, kwa msaada wa marafiki Waingereza, alijiunga na chuo cha Woodbrooke, Birmingham, kilichoendeshwa na Waquaker. Huko aliunoa Uingereza wake wa kusema na kuandika. Mwaka 1932 akaelekea Moscow, katika chuo kikuu ambacho Wakomunisti walikianzisha kwa ajili ya wafanyakazi wa nchi za Mashariki. Mapema mwaka 1933 yeye na wanafunzi wenzake waliwasilisha malalamiko kuhusu chakula, mafunzo na namna watu weusi walivyoonyeshwa katika sanaa za nchi hiyo. Kabla ya mwaka huo kumalizika alikuwa amerudi London. Alikuwa amejionea kwamba hata wenyeji waliojitangaza kuwa marafiki wa wanaokandamizwa wangeweza kumdharau mgeni.

London ilimpokea kwa ufukara. Alipanga chumba katika nyumba namba 95 ya Cambridge Street, mtaa wa Pimlico, na deni lake la kodi likapita pauni 100. Mwaka 1934 alikubali kibarua cha kuigiza katika filamu ya Sanders of the River, akiwa mmoja wa watu weusi wengi waliokodiwa kujaza mandhari nyuma ya mwimbaji mashuhuri Paul Robeson. Filamu hiyo ilipotoka mwaka 1935 iliusifu utawala wa Waingereza barani Afrika, na Robeson mwenyewe baadaye aliikana. Hiyo ndiyo kazi iliyomlisha mjumbe wa KCA.

Kazi nyingine ilikuwa na heshima zaidi. Kati ya 1935 na 1937 alikuwa msaidizi wa lugha katika idara ya fonetiki ya University College London. Mtaalamu Lilias Armstrong alimsikiliza akitamka maneno ya Kikuyu, akanakili sauti na kupanda na kushuka kwa toni, na matokeo yake yakawa kitabu kilichochapishwa mwaka 1940, baada ya Armstrong kufariki. Mtu aliyefunzwa na wamisionari kwamba lugha ya maendeleo ni Kiingereza sasa alilipwa ili aseme lugha ya mamaye.

Mwaka 1935 ndipo alipoingia London School of Economics kusomea anthropolojia. Hakuwa na vyeti vilivyotakiwa kwa kawaida, lakini Profesa Bronislaw Malinowski alimkubali. Malinowski, Mpolandi aliyehamia Uingereza, alikuwa amejenga jina kwa kuishi na watu wa visiwa vya Trobriand wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia. Aliwafundisha wanafunzi wake kwamba hakuna ajuaye utamaduni wa watu kwa kuutazama kutoka verandani. Sharti mtu akae nao, ajue lugha yao, ashiriki kazi na sherehe zao, kisha aonyeshe jinsi kila mila inavyoshikana na nyingine.

Fundisho hilo lilimfaa Kenyatta kwa namna ambayo wenzake hawakuwa nayo. Wao walilazimika kusafiri maelfu ya maili ili kuishi na watu waliowachunguza, ilhali yeye alikuwa amezaliwa miongoni mwao. Alichokikosa ni umbali wa kumwezesha kuutazama utamaduni huo kwa jicho la msomi, na umbali huo ndio aliopewa na ugeni wa London. Katika semina hizo alikutana na watu wa kila tabaka. Mwanamfalme Peter wa Ugiriki na Denmark alimwalika Paris mwaka 1936. Elspeth Huxley, binti wa walowezi aliyekulia karibu na Thika, aliketi naye darasani. Mtoto wa walowezi na mtoto wa waliopokonywa ardhi walifundishwa na mwalimu mmoja.

Mwaka 1938 makala aliyoyaandika chini ya Malinowski yalitoka kuwa kitabu, Facing Mount Kenya, na mwalimu huyo akaandika dibaji yake. Rafiki yake Mwingereza, Dinah Stock, alimsaidia kuuhariri mswada. Jina la Johnstone halikuonekana juu ya jalada. Mwandishi sasa alikuwa Jomo Kenyatta. Alipigwa picha akiwa amevaa vazi la ngozi la rafiki yake Mbiyu Koinange, aliyekuwa Uingereza kwa masomo wakati huo, huku akikagua ncha ya mkuki kwa kidole.

Hoja ya kitabu ilikuwa moja. Wakikuyu hawakuwa kundi la watu waliosubiri kustaarabishwa. Walikuwa na sheria za ardhi, elimu ya watoto, ndoa, dini na utawala, na nguzo iliyoshikilia yote hayo ilikuwa ardhi. Ukiwanyang'anya watu ardhi, huwanyang'anyi chakula tu, unawavunjia pia mahali pa kuzikia wazee, pa kutolea sadaka na pa kufundishia wana. Mzozo wa ardhi ambao tume za kikoloni ziliuhesabu kwa ekari yeye aliueleza kama uhai wa jamii nzima.

Kitabu hicho hakikosi lawama. Kilitetea tohara ya wasichana, jambo lililokuwa limewagawa Wakikuyu na wamisionari tangu 1929, na ambalo sheria ya Kenya ililipiga marufuku kabisa mwaka 2011. Wasomi wengine wamesema kiliipamba mno jamii ya kale. Hata hivyo, kabla yake ni Waafrika wachache sana waliokuwa wamechapisha uchunguzi wa kitaalamu wa watu wao kwa mkono wao wenyewe. Wahenga walisema mwacha mila ni mtumwa. Kenyatta alizishika mila zake katika mji ule ambao ungeweza kumsahaulisha zote.

Vita vya Pili vya Dunia vilipozuka alihamia Storrington, kijiji cha Sussex, akawa kibarua wa shambani. Aliwahutubia wanajeshi na wanafunzi watu wazima kuhusu Afrika, na jioni alionekana katika kilabu cha kijijini, ambako wenyeji walimbandika jina la Jumbo. Mei 1942 alimwoa mwalimu Edna Clarke, aliyekuwa amepoteza wazazi wake katika shambulio la mabomu. Magana alizaliwa Agosti 1944.

Mwaka 1945 alishiriki Kongamano la Waafrika lililofanyika Manchester pamoja na Kwame Nkrumah na George Padmore, na Septemba 1946 akateremka tena bandarini Mombasa. Edna na mtoto walibaki Uingereza. Kwa Wahu, mume aliyeondoka mwaka 1931 alirudi akiwa na familia nyingine ng'ambo. Muigai, aliyeachwa akiwa mvulana, alikuwa sasa mtu mzima wa miaka 25. Gharama ya elimu ile haikulipwa na mwanafunzi peke yake. Wanawake wawili na watoto watatu, katika mabara mawili, waliilipa pamoja naye.

Yaliyofuata yanajulikana na wengi: uongozi wa chama cha KAU mwaka 1947, kukamatwa Oktoba 1952, kesi ya Kapenguria, kifungo na kizuizi hadi Agosti 1961, kisha uhuru mwaka 1963 na urais mwaka 1964. Alama za mwanafunzi yule zilibaki. Mwaka 1974 alitangaza kwamba Kiswahili kitumike katika Bunge, ambalo hadi hapo lilijadiliana kwa Kiingereza pekee.

Lakini mtihani mkubwa zaidi wa kitabu chake ulikuwa ardhi, na sehemu ya mtihani huo ilifanyika Kwale. Pwani ilikuwa na jeraha linalofanana na la Wakikuyu. Sheria ya hati za ardhi ya mwaka 1908 iliwataka wenye madai wayawasilishe, na Wamijikenda wengi, wakiwemo Wadigo wa pwani ya kusini, walikosa hati. Mashamba waliyolima vizazi na vizazi yakahesabiwa kuwa mali ya Serikali. Uhuru ulipokuja, Serikali hiyo ilikuwa ya Kenyatta. Fukwe za Diani na Tiwi zilianza kupata bei kubwa kwa ajili ya hoteli, na wenyeji wengi wakajikuta maskwota katika vijiji vyao.

Mei 2013 Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano ilitoa ripoti yake, na sura ya ardhi ikazua mzozo ndani ya tume yenyewe. Aya zilizohusu utawala wa Kenyatta na ardhi ya Pwani, ikiwemo ya Tiwi na Diani, zilibadilishwa kabla ya kuchapishwa, na makamishna watatu wa kigeni wakapinga mabadiliko hayo kwa maandishi.

Wanaomtetea Mzee husema alirithi nchi yenye sheria za mkoloni na hakuweza kuzigeuza zote kwa usiku mmoja. Wanaomlaumu husema hakuna kiongozi wa Afrika aliyejua vizuri kuliko yeye maana ya kumwondoa mkulima katika ardhi ya babu zake, kwa kuwa alilisomea jambo hilo na kuliandikia kitabu. Pande zote mbili zina ushahidi, na ushahidi wa upande wa pili uliandikwa na Kenyatta mwenyewe.

Vijana wanaokwenda kusoma ng'ambo leo, na wale wanaokuja kuishi na familia zetu, wana la kujifunza kwake. Alikaa na wageni bila kupotea kati yao, akazitumia zana zao kuwatetea watu wake. Kazi iliyobaki baada ya kurudi ilikuwa kuwaona Wadigo na Waduruma kwa jicho lile lile alilowatazamia Wakikuyu akiwa London, na madai ya ardhi ambayo Kwale ingali nayo ni dalili kwamba kazi hiyo haikumalizika.