Dian Fossey: Mwanamke Aliyechagua Kujenga Mlimani



Katika ukurasa huu wa maisha ya watu mashuhuri, safari hii tunawaletea habari za mwanamke mgeni ambaye jina lake linajulikana sana katika milima ya Virunga. Tumemchagua kwa sababu wengi wetu tunalo swali moja mioyoni: tukipata kipande cha ardhi mlimani, mbali na kelele na vurugu, tutajenga wapi, na tutaangalia nini kabla ya kujenga? Dian Fossey naye alifukuzwa kutoka mlima mmoja, akavuka mpaka, akatafuta mlima mwingine. Yaliyompata yanatufundisha.

Dian alizaliwa tarehe 16 Januari 1932 katika jimbo la California, Marekani. Alifanya kazi ya kuwasaidia watoto walemavu katika hospitali moja ya mji wa Louisville. Mwaka 1963 alikopa fedha akaja Afrika Mashariki kutembea. Huko Olduvai, Tanganyika, alionana na mtaalamu Louis Leakey. Kisha alifika Kisoro, akapanda Virunga upande wa Kongo, na huko akawaona gorila kwa mara ya kwanza. Alirudi kwao, lakini moyo wake ulibaki huku. Leakey alipomwomba mwaka 1966 afanye kazi ya kuwachunguza wanyama hao, alikubali.

Mwezi wa Januari 1967 alipiga hema mahali paitwapo Kabara, kwenye mlima Mikeno upande wa Kongo, zaidi ya mita 3,000 juu ya usawa wa bahari. Mahali hapo hapakuchaguliwa naye. George Schaller alikuwa amefanyia kazi hapo mwaka 1959 na 1960, na kaburi la Carl Akeley, Mmarekani aliyefariki mwaka 1926, lilikuwa papo hapo. Dian aliingia katika makao yaliyoandaliwa na wengine, akayapenda.

Hakukaa hata mwaka. Mwezi wa Julai 1967 vita vilizuka Kivu. Askari walipanda mlimani wakamwambia ashuke. Alizuiliwa Rumangabo kwa muda wa kama wiki mbili, kisha akapata njia ya kutoka, akavuka Bunagana na kuingia Kisoro. Wasomaji wetu waliotoka Rutshuru hawahitaji kuelezwa njia hiyo. Wengi wameipita kwa miguu, na mizigo kichwani. Huko Kisoro alipokelewa na Walter Baumgärtel, Mjerumani aliyekuwa na hoteli ndogo iliyoitwa Travellers Rest.

Alikuwa amepoteza makao yake na kazi ya miezi sita. Wengine wangerudi kwao. Yeye aliamua kuanza upya katika milima ileile, ila upande wa Rwanda.

Hapa ndipo tunapotaka kukaa kidogo, maana safari hii alichagua mwenyewe. Kwanza alipokelewa na Rosamond Carr, Mmarekani mwenye shamba chini ya mlima Karisimbi. Alipopanda juu ya shamba hilo alikuta makundi ya ng'ombe na mitego, na gorila wachache. Hakupiga nanga hapo. Akiwa na Alyette de Munck, Mbelgiji aliyeijua milima hiyo vizuri, alipanda juu zaidi mpaka mahali pa wazi, akaitazama safu nzima ya milima. Ndipo akaliona bonde la juu lililo kati ya Karisimbi na Visoke.

Bonde hilo lilikuwa na nini? Lilikuwa na uwanja wa nyasi ulio karibu sawa, ambapo hema linasimama bila kuteleza. Lilikuwa na kijito cha maji safi na miti mikubwa ya zamani ya kukinga upepo. Gorila walikuwa karibu, katika miteremko ya Visoke. Na lilikuwa mbali: mwendo wa saa kadhaa wa kupanda katika matope, na kila kilo ya chakula na kila bati lilibebwa na wapagazi. Tarehe 24 Septemba 1967, saa kumi na nusu jioni, alipiga mahema mawili hapo. Aliunganisha majina ya milima hiyo miwili, Kari na soke, akapaita Karisoke. Baadaye mahema yaliondolewa, vikajengwa vibanda vya mabati.

Kwa macho, alichagua vizuri kabisa. Maji, uwanja, kuni, kazi yake mlangoni, na upweke alioutaka. Wenyeji walimpa jina la Nyiramacibiri, ambalo yeye alilielewa kuwa ni mwanamke aishiye peke yake mlimani.

Lakini, wapendwa, mlima haukuwa mtupu. Wabatwa walikuwa wakiwinda katika msitu huo tangu zamani, wakitega swala. Wafugaji walipandisha ng'ombe wao kutafuta majani. Kisheria ilikuwa hifadhi ya taifa, na wala hatusemi kwamba mitego haikuwa na madhara. Gorila wengi walipoteza mikono au uhai kwa ajili yake. Na huko chini watu walibanwa na njaa ya ardhi: mwishoni mwa miaka ya 1960 sehemu kubwa ya hifadhi ilikatwa ili kulimwa pareto.

Dian alianza vita na majirani zake. Aliharibu mitego, aliwafukuza ng'ombe, aliwakamata wawindaji na kuwatisha kwa vinyago ili wamdhani mchawi. Tarehe 31 Desemba 1977 wawindaji walimuua Digit, gorila aliyempenda kuliko wote, na baada ya hapo ukali wake ulizidi. Afya nayo ilidhoofika. Mapafu yake yalikuwa mabovu, na baridi ya huko juu haikumsaidia. Mwaka 1983 alitoa kitabu kilichomfanya ajulikane duniani kote, lakini pale mlimani maadui walibaki wengi.

Usiku wa tarehe 26 Desemba 1985 aliuawa kwa panga ndani ya kibanda chake. Mpaka leo watu wanabishana ni nani aliyemuua. Alizikwa palepale Karisoke, karibu na kaburi la Digit.

Tusiache kusema mema aliyoyafanya. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 gorila wa Virunga walikuwa kama 250 tu. Hesabu iliyofanywa mwaka 2015 na 2016 ilikuta 604. Kazi aliyoianza haikufa, ingawa vita vya miaka ya 1990 viliharibu vibanda vyake na watafiti wakahamia chini. Tangu mwaka 2022 kituo hicho kina majengo mapya Kinigi, chini ya mlima, karibu na vijiji, na wengi wanaofanya kazi hapo ni Wanyarwanda wenyewe.

Sisi wa Kasese tunaijua habari hii kwa namna yetu. Juu yetu iko hifadhi ya Rwenzori, iliyotangazwa mwaka 1991, na chini yetu hifadhi ya Queen Elizabeth. Wafugaji Wasongora walipofukuzwa kutoka hifadhi ya Virunga mwaka 2006 na kuingia huku na ng'ombe wao, tuliona jinsi nchi inayoonekana wazi inavyokuwa na madai mengi. Na mto Nyamwamba ulipofurika mwezi wa tano 2020, wengi walijifunza kwamba uwanja mzuri kando ya maji una hatari yake.

Basi anayejaliwa kupata ardhi mlimani, na aangalie kama Dian alivyoangalia: maji yako wapi, mteremko ukoje, mgonjwa atashushwa kwa njia gani. Kisha aulize yale ambayo macho hayaoni: mpaka wa hifadhi unapita wapi, nani hulisha mifugo hapa wakati wa kiangazi, kijia hiki ni cha nani. Amwone mwenyekiti wa LC1, awaone wazee, awaone majirani wa pande zote nne kabla ya kuchimba msingi. Nyumba ya mbali na watu bado ina majirani. Ukiwajua kabla ya kujenga, ndio watakaokuja mbio usiku ukipiga yowe.

Tunawatakia amani katika makao yenu, hata haya ya muda.