THEODOR BOVERI

Tukisikia habari za uvimbe wa ubongo, mara humfikiria daktari na kisu chake. Lakini mmoja wa watu waliofungua njia ya kuujua ugonjwa huo hakuwa tabibu, bali mwalimu wa elimu ya wanyama.

Theodor Boveri alizaliwa mwaka 1862 katika mji wa Bamberg, Ujerumani. Katika chuo kikuu cha Munich alianza kwa kusoma historia na falsafa, kisha akaziacha akafuata elimu ya viumbe. Mwaka 1893 akawa profesa mjini Würzburg. Alisafiri pia mpaka Naples, Italia, kuchungua mayai ya kinyama cha baharini, cha mviringo, chenye miiba kama nungunungu.

Yai la kinyama hicho likiingiwa na mbegu mbili za kiume badala ya moja, hugawanyika kwa mara moja kuwa chembe nne. Hapo nyuzi za urithi, yaani kromosomu, hugawanywa ovyo. Chembe hii hupata nyingi, ile hupungukiwa. Boveri aliona kwamba vijusi vingi vya namna hiyo huharibika. Mwaka 1902 akatangaza kuwa kila kromosomu ina kazi yake.

Mwaka 1914 alitoa kitabu akieleza kwamba uvimbe mbaya huanzia katika chembe moja tu iliyoharibika kromosomu zake, nayo huzaa nyingine zenye kasoro ile ile. Wengi hawakumsadiki, naye hakuwa na ushahidi wa kutosha. Afya yake ilikuwa dhaifu siku nyingi, akafa mwaka 1915, umri wake miaka 53. Mkewe Marcella, Mmarekani na mtaalamu wa viumbe kama yeye, ndiye aliyekifasiri kitabu hicho kwa Kiingereza mwaka 1929.

Ushahidi ulikuja baadaye. Mwaka 1960 kromosomu yenye kasoro ilionekana katika saratani moja ya damu. Tena uko uvimbe wa ubongo uwapatao watoto hasa, uitwao meduloblastoma, ambao zamani ulidhaniwa kuwa ugonjwa mmoja utokao ubongo wa nyuma. Kwa kuchungua jeni, mwaka 2010 wataalamu walionyesha kuwa aina yake moja huanzia katika shina la ubongo. Watoto wa aina hiyo hupona zaidi kuliko wenzao, kwa hiyo yafaa tabibu aijue mapema.

Boveri hakuyaona hayo. Basi tuinamapo kwenye darubini, tusikidharau kitu kidogo tunachokitazama.