Mwalimu mkimbizi aliyeipa dunia helikopta

Agosti 12, 2012, helikopta nne za jeshi letu ziliondoka Entebbe kwenda Somalia. Moja ilitua salama Garissa. Tatu hazikufika, ziliishia Mlima Kenya. Baadhi ya wanajeshi waliokolewa wakiwa hai, wengine tuliletewa maiti zao.

Habari hizo ziliniuma kuliko zilivyowauma majirani zangu hapa Kampala, kwa kuwa mlima ule naujua. Nilisomea Nanyuki, chini yake, tulipokuwa wakimbizi. Asubuhi za Julai tuliandika vidole vimekufa ganzi, na mwalimu alituruhusu kuvaa soksi mikononi. Mchana mawingu yalishuka ghafla na mlima wote ukatoweka kama mtu aliyefunga mlango.

Tangu hapo nikawa nasoma kila nilichopata kuhusu helikopta, na ndivyo nilivyokutana na Igor Sikorsky. Nilidhani nitasoma habari za injini. Nikakuta habari za baba yangu.

Sikorsky alizaliwa Kyiv mnamo Mei 25, 1889, wakati mji huo ukiwa chini ya dola ya Urusi. Baba yake alikuwa profesa, mama yake alisomea udaktari. Mwaka 1909, akiwa kijana wa miaka 20, alinunua injini Paris akaunda helikopta. Haikunyanyuka. Ya pili, mwaka 1910, iliweza kujinyanyua yenyewe lakini si pamoja na rubani. Akaiweka kando ndoto hiyo, akageukia ndege za kawaida, na huko alifanikiwa haraka. Mwaka 1913 alirusha ndege ya injini nne. Iliyofuata, Ilya Muromets, ilikuwa na chumba cha abiria kilichopashwa joto kwa moshi wa injini, na kwenye theluji ilivalishwa mbao za kuteleza badala ya magurudumu. Februari 1914, katikati ya kipupwe, ilibeba watu 16.

Kisha yakaja mapinduzi ya 1917. Mwanzoni mwa 1918 aliiacha nchi akaenda Ufaransa, na Machi 1919 akashuka New York. Alikuwa na miaka 29, hana kazi, na umaarufu wake wote ulikuwa umebaki nyuma. Ndege hakuna aliyezitaka, vita ilikuwa imekwisha. Basi alifanya nini? Alifundisha. Hesabu na elimu ya nyota, akiwafundisha Warusi wenzake waliokimbia kama yeye, wengi wao vibarua.

Hapo ndipo nilipofunga kitabu kwa muda. Baba yangu naye alifundisha hesabu jioni kule Nanyuki, darasa la watu wazima, kwa taa ya chemli. Cheti chake cha ualimu kilibaki Uganda, kwa hiyo mchana hakuna shule iliyomwajiri kama mwalimu kamili. Nami niliporudi, ofisi moja hapa mjini iliniweka miezi ikitilia shaka vyeti vyangu vya Kenya. Wasomaji wengi waliorudi kutoka Kenya, Sudan, Kongo au Tanzania wanaelewa ninachosema.

Wafanyabiashara wa mpakani nao wana lao katika kisa hiki. Mwaka 1923 Sikorsky alianzisha kampuni kwenye shamba la kuku la Mrusi mwenzake nje ya New York. Mtaji ulipokatika, alijitokeza Sergei Rachmaninoff, mpiga piano mashuhuri, mkimbizi pia, akanunua hisa za dola 5,000. Hakuna benki iliyowapa; walipeana wenyewe kwa wenyewe, kama mnavyofanya Busia na Malaba.

Helikopta ilimrudia uzeeni, tuseme hivyo. Septemba 14, 1939, akiwa na miaka 50 na kofia yake kichwani, aliinyanyua VS-300 kule Connecticut, ikiwa imefungwa kamba isiende mbali. Kutokana nayo ikazaliwa R-4, ambayo jeshi la Marekani liliijaribu kwenye joto la Burma na kwenye baridi ya Alaska.

Baridi ndiyo mtihani wenyewe. Jioni mafundi hufunika mapanga na matundu ya kuvutia hewa. Betri hung'olewa ikalala penye joto, maana ikipoa mno haina nguvu ya kuwasha. Oili huwa nzito kama asali, hivyo injini hupulizwa hewa ya moto kwanza. Ukungu ulioganda juu ya panga, hata ukiwa mwembamba kama msasa, lazima uondolewe, kwani hulinyima panga uwezo wa kunyanyua. Barafu ikijengeka angani kisha ikabanduka upande mmoja tu, chombo kizima hutetemeka. Na wakati wa kutua, upepo wa mapanga huinua theluji mpaka rubani haoni kitu, sawa na dereva aliye nyuma ya lori kwenye barabara ya vumbi.

Ajabu ni kwamba hewa ya baridi yenyewe si adui. Ni nzito, hunyanyua vizuri kuliko ya joto. Balaa la mlima ni kimo. Kampala tuko mita 1,200 hivi, kilele cha Mlima Kenya kiko mita 5,199. Huko juu hewa ni nyepesi, na mawingu yanaweza kubeba barafu.

Januari 3, 1944, meli ya kivita ya Marekani, Turner, ililipuka karibu na New York. Theluji ilikuwa inavuma. Frank Erickson, rubani wa walinzi wa pwani, alipeleka maji ya damu kwa majeruhi huko Sandy Hook kwa dakika 14, ndani ya helikopta ya Sikorsky. Yule mwalimu wa vibarua alikuwa bado hai kuisikia habari hiyo.

Alifariki Oktoba 26, 1972, Easton, Connecticut. Hakurudi kuishi Kyiv. Majuma hayo hayo, uwanja wa Entebbe ulikuwa umejaa Waasia waliofukuzwa na Idi Amin, kila mmoja na kile alichoweza kubeba.

Baba yeye alirudi, mwaka 1997, akafundisha miaka minne kabla ya kufariki. Daftari lake la Nanyuki ninalo kabatini. Kuna michoro ya pembetatu, na ukurasa wa mwisho majina ya wanafunzi wa jioni ambao hawakumaliza kumlipa.